Chumba cha Rangi: Kutoka Banda la Riyadh hadi Kiwanda cha Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh sikugusa rangi. Nilikuwa nimetoka Kitale nikiwa fundi anayejulikana, mtu wa kupaka malori na mabasi ya shule, na kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa ameniandika kwa kazi hiyo hiyo. Nikadhani nitakabidhiwa bunduki ya kupulizia saa hiyo hiyo. Badala yake msimamizi wa rangi, Mpakistani mwembamba mwenye ndevu za hina ambaye kila mtu alimwita Ustadhi, alinipeleka mbele ya mlango wa gari uliong'olewa na kulazwa juu ya meza.

"Funga macho," akasema.

Nikafunga.

"Pitisha kiganja. Punje iko wapi?"

Nikapitisha. Mlango ulikuwa laini kama maji ndani ya beseni. Nikamwambia hakuna punje. Akanishika kidole, akakiburuta hadi karibu na tundu la kitasa, akakibonyeza hapo. Punje ilikuwepo, ndogo kuliko chembe ya unga wa wimbi.

"Huko kwenu unapaka kwa macho," akasema. "Hapa tunapaka kwa mkono. Macho ni ya mwenye gari."

Niliudhika. Mimi nilikuwa na watoto watatu na jina mjini kwangu, na huyu mzee ananifundisha kupapasa mlango kama kipofu. Lakini sikuwa na pa kwenda, ikama yangu, kibali cha kuishi huko, ilikuwa bado haijatoka, na pasipoti ilikuwa kwa kafili. Nikashika msasa.

Niseme mapema kwamba mimi nilisoma hadi darasa la nne tu. Sisemi kwa aibu. Nimewaona watu wenye vyeti vya kujaza sanduku wakiharibu gari ambalo bei yake ingenunua mtaa mzima. Nayaandika haya kwa vijana wanaoniuliza kiwanda kile cha Jeddah kilianzaje, maana wakikiona leo kwenye simu zao, na vioo vyake na sakafu yake inayong'aa, wanafikiri kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika. Kilianza kwenye banda la mabati, pale Riyadh, eneo la karakana ambalo wote tuliliita Sinaiya. Nilikuwemo.

Banda hilo halikuunda gari. Magari ya kifahari yalikuja yakiwa kamili kutoka ng'ambo, na matajiri walituletea tuyageuze yawe yao peke yao. Mmoja alitaka rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani. Mwingine alitaka viti vya ngozi vifanane na tandiko la farasi wake. Sisi wa rangi tulikuwa saba. Kazi ilikwenda hivi: kwanza unakwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu, halafu unapiga praima, ile rangi ya chini inayoshika bati. Unalainisha tena kwa msasa wa maji. Ndipo inakuja rangi yenyewe, na juu ya rangi inakuja klia, rangi isiyo na rangi, kama kioo kilichoyeyushwa. Klia ndiyo inayolifanya gari la tajiri liitwe gari la tajiri. Kosa lolote lililo chini yake, klia inalitangaza.

Riyadh ni kavu. Wakati wa baridi ngozi inapauka mpaka unajikuna unatoa unga, na visigino vinapasuka. Vumbi linaingia kila mahali. Tulikuwa tunamwagia sakafu maji na kupaka gari alfajiri kabla ya upepo kuamka. Ustadhi hakutukana mtu. Kosa akiliona, alikuwa anakuja kusimama nyuma yako, ananyamaza, anasubiri ulipate mwenyewe. Ni afadhali kutukanwa. Nilimchukia mwaka mmoja, nikampenda miaka minane.

Mwenye banda alipopata washirika na kuamua kujenga kiwanda kamili, mudir wetu, yaani meneja, mtu mnene asiyependa kupanda ngazi, alipanda juu ya kreti akatutangazia.

"Yalla, wanaume! Tunahamia Jeddah. Huko kuna bandari. Bodi tupu za magari zitashuka melini, na sisi wenyewe tutayaunda magari kuanzia bati."

Ustadhi hakuja nasi. Macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu, akarudishwa kwao Lahore. Siku ya kuondoka alishika mkono wangu wa kulia, akaugeuzageuza kama mtu anayenunua kiazi sokoni. "Huu sasa ni mzuri," akasema. Basi. Katika maisha yangu hakuna cheti kingine nilichopata.

Jeddah tulipangiwa vyumba mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya zamani, wanaume sita kwa chumba. Kitanda changu kilipakana na cha Mutiso, Mkamba wa Machakos, fundi wa rangi pia, kijana wakati huo, mwenye mdomo usiopumzika na ndevu alizozitunza kuliko nguo zake. Basi la kampuni lilituchukua asubuhi na kutupeleka nje ya mji, mahali ambapo mwanzoni palikuwa na nguzo za zege na mbwa wawili. Nimekiona kiwanda kile kikiwa mashimo. Nimekiona kikiezekwa. Miaka ya kwanza magari yalifika kwenye makreti yakiwa yamepakwa tayari, sisi tukawa wa kufunga magurudumu, viti na milango, na kusahihisha mikwaruzo ya safari. Kwa fundi wa rangi, hiyo ni kazi ya kusikitisha, kama mpishi kupewa chakula cha jana apashe moto.

Kisha wakajenga chumba cha rangi.

Sijui nikieleze vipi kwa mtu ambaye hajaingia. Hewa ilishuka kutoka dari nzima, imechujwa, ikazama kwenye sakafu ya wavu, ikiburuta vumbi lote chini. Unaingia kupitia kijichumba kinachokupuliza kila upande kama kuku anayenyonyolewa. Unavaa suti nyeupe kuanzia kisogoni hadi kwenye kiatu. Ndani kuna mwanga usio na kivuli. Bodi inaingia kimya ikiwa juu ya reli, na wewe unaizunguka ukitembea kando kando kama kaa, bunduki umbali wa shubiri moja na nusu, mkono haupandi wala haushuki. Nilikuwa napaka kwa pumzi: navuta kabla ya ubavu kuanza, naachia ubavu ukiisha. Halafu bodi inakwenda kwenye oveni, na klia ikianza kuiva inatoa harufu kali yenye utamu kwa mbali. Naitamani harufu hiyo hadi leo. Nimejaribu kumweleza mke wangu, akasema inaonekana ni sumu. Ni kweli ni sumu.

Bosi wa chumba hicho alikuwa mwanamke, Msaudi, binti wa Jeddah aliyesoma uhandisi. Tulimwita Muhandisa. Siku alipoingia nilimwambia mgeni haruhusiwi bila suti.

"Ami," akasema, yaani baba mdogo, kwa adabu kabisa, "suti yangu iko wapi? Mimi ndiye niliyeandika hiyo sheria."

Mutiso alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, umemfukuza bosi nyumbani kwake!"

Alikuwa na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi. Siku moja alinisimamisha mbele ya boneti akaniuliza naona imekaa vipi. Nikamwambia upande wa kushoto ni nzito. Akapima. Akapima tena. Tangu hapo, kabla hajatoa kifaa mfukoni alikuwa ananitazama kwanza. Kitu kimoja tu tuligombana. Yeye alitaka glavu mikononi wakati wote. Mimi, kabla ya klia, nilivua glavu ya kulia, nikanawa kiganja kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kukikausha, kisha nikakipitisha juu ya bodi. Glavu haisikii punje.

"Ami, glavu!"

"Ndiyo, Muhandisa."

Akigeuka, naivua.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Nilikuwa sijaenda nyumbani mwaka wa tatu. Likizo yangu ilisogezwa mara mbili kwa sababu ya oda za magari ya harusi za wakubwa. Mke wangu, Mama Wekesa, alikuwa ameacha kuniuliza nakuja lini, na mtu akiacha kukuuliza hivyo ndipo inauma. Ijumaa moja nikapigiwa simu na Nafula, binti wa kwetu anayefanya kazi za nyumbani Al-Nuzha, ambaye alikuwa amerudi kutoka likizo. Tulikutana Al-Baghdadiyah, mbele ya duka la simu, madam wake akiwa ndani ananunua.

"Shemeji, mzigo wako," akasema, akinisukumia mfuko wa karatasi. "Mama Wekesa amesema usiufungulie mbele ya wanaume."

"Kuna nini?"

"Mimi najua? Nimebeba tu. Ila umezeeka, shemeji. Nimwambie, nisimwambie?"

Ndani kulikuwa na chupa mbili za losheni, ile aliyokuwa anajipaka yeye mwenyewe. Basi. Hakuna barua. Kwetu mtu akioga bila kujipaka mafuta ni kama hajaoga. Mama yangu angenirudisha ndani kwa miguu iliyopauka. Riyadh na Jeddah nilikuwa najipaka jeli ya kawaida jioni, baada ya kazi. Lakini hii niliipaka asubuhi, kabla ya basi, mikono, shingo na uso, ili kutwa nzima ndani ya suti ile nyeupe ninuke nyumbani kwangu. Mutiso alininusa ndani ya basi. "Mzee leo unang'aa kuliko gari. Una mchumba wa Kihabeshi?" Nikamwambia anyamaze. Mlangoni mwa chumba cha rangi kulikuwa na picha ya chupa ya marashi iliyopigwa mstari mwekundu. Nilikuwa nimeiona kila siku. Mimi si mtu wa marashi. Mafuta ya kujipaka kwangu si marashi, ni usafi.

Siku ya tatu klia ikaanza kutoboka. Mafundi huviita macho ya samaki: vishimo vya duara, rangi inakimbia kutoka sehemu moja na kuacha jicho linakutazama. Gari la kwanza tulilikwangua tukalipaka upya. Kesho yake mawili. Keshokutwa manne, yote meusi, yote ya mteja mmoja. Wakabadilisha vichujio vya hewa. Wakafungua kompresa, mtambo unaosukuma hewa kwenye bunduki, wakitafuta mafuta yanayovuja. Mafi, hakuna kitu. Wakakiosha chumba kizima hadi darini. Macho ya samaki yakarudi.

Muhandisa alituita zamu nzima. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Makao makuu wanasema kuna mtu anaingiza silikoni. Iko kwenye vipodozi, na rangi huikimbia. Wanataka jina kabla ya Alhamisi kuisha, la sivyo zamu yote inavunjiwa mkataba."

Kila mtu alimtazama Mutiso na ndevu zake. Kabatini mwake ikakutwa chupa ya mafuta ya ndevu. Alijitetea kwamba hupaka Ijumaa tu, siku ya mapumziko. Nani atamwamini Mutiso, mtu wa utani kila saa? Akaambiwa akusanye vitu vyake, atafungiwa ikama na kurudishwa Kenya. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, akikunja suti yake nyeupe.

"Mzee," akasema baadaye, "wewe unaniamini?"

Nikasema ndiyo. Nilisema tu. Ndani yangu nilishukuru amepatikana wa kulaumiwa, na kwamba chumba changu kitapona. Hiyo ndiyo kweli.

Alhamisi hiyo adhuhuri, wenzetu Waislamu walipokwenda kuswali, chumba kilibaki kitupu. Kule Riyadh, tukishuku uchafu, Ustadhi alikuwa anafanya jaribio: unachukua kipande cha bati safi, unakigusisha kitu unachokishuku, unapuliza klia juu yake, unasubiri. Nikachukua bati mbili. Ya kwanza nikaifuta kwa kitambaa cha Mutiso cha kujifutia uso. Ya pili, ili niwe na ya kulinganisha, nikaibonyeza kwa kidole gumba changu nilichokiosha kwa tina kama kawaida. Nilitaka niwe na bati safi kando ya chafu, nimwonyeshe Muhandisa.

Ya Mutiso ilikaa kama kioo.

Yangu ikafunguka. Kwanza tundu moja, halafu jingine, halafu yakaungana, mpaka alama nzima ya kidole changu ikasimama juu ya bati, mistari yake yote, kama ile unayoiacha kwenye kitambulisho.

Nilikaa chini kwenye wavu. Kumbe ni mimi. Kiganja nilichojivunia, kile nilichokivulia glavu nyuma ya mgongo wa binti wa watu, ndicho kilichokuwa kinapaka silikoni kwenye kila gari, tina ikishindwa kuiondoa yote. Na wakati huo huo niliona jinsi ya kutoka. Ningeifuta bati kwa tina. Ningetupa losheni. Macho ya samaki yangekoma kesho, kila mtu angesema kweli alikuwa Mutiso, na mimi ningebaki ndani ya chumba kile hadi uzee. Hakuna ambaye angejua. Nilishika kitambaa chenye tina mkononi. Nilikishika muda mrefu kuliko ninavyotaka kusema.

Waliporudi kutoka swala, nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya Muhandisa.

"Hii nini, Ami?"

"Kidole changu."

Akaiinua bati kwenye mwanga. Akaielewa mara moja. Alikuwa mtu wa akili. "Ulivua glavu."

"Kila siku. Na nilijipaka mafuta ya mke wangu."

"Mafuta ya mke wako," akarudia. Nikadhani atacheka au atapiga kelele. Akaiweka bati mezani taratibu. "Unajua nitalazimika kufanya nini?"

"Nirudishe Kenya mimi. Mutiso hana kosa."

"Mutiso anabaki. Wewe pia unabaki, sitapoteza mkono kama huo. Lakini kuingia chumba cha rangi, halas, imekwisha. Si mwezi huu, si mwaka kesho. Sheria hiyo siwezi kuivunja hata kwako."

"Basi nirudishe," nikasema. Nilimaanisha.

"Nani atanionyesha upande ulio mzito, Ami?" akasema, na akageukia kompyuta yake ili nisione uso wake.

Wakanipeleka njia ya taa. Ni handaki la mataa marefu mwishoni kabisa, ambako gari lililokamilika hupitishwa na mkaguzi huliangalia na kulipapasa kabla halijaandikiwa kutoka. Kazi ya heshima, watu waliniambia. Nilifanya kazi hiyo hadi mwisho. Kila gari lililotoka lilipita chini ya mkono wangu, na nilijua ni nani aliyelipaka: Mutiso alianzia nyuma, Mfilipino mmoja wa zamu yetu alikuwa na haraka kwenye kona za paa. Niliwajua kama unavyowajua watu kwa mwandiko. Mwandiko wangu haukuwepo. Chumba kilikuwa hatua arobaini kutoka nilipokaa, na nilikuwa nazunguka kwa nyuma nikienda kula ili nisipite mbele ya kioo chake.

Mutiso hakunishukuru kwa maneno. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, alimpa jina langu, halafu akaniambia ndani ya basi mbele ya watu wote, "Nimemwangalia vizuri, Mzee. Naye anapenda kupapasa kila kitu." Basi zima likacheka. Hata mimi.

Mama Wekesa sikumwambia. Aliniuliza kwa simu kama mafuta yalifika, nikasema yalifika. Akauliza yananifaa? Nikasema yananifaa sana. Akisoma hapa atajua leo.

Kiwanda kikakua. Ukumbi wa pili, halafu wa tatu. Yakaja magari ya umeme, mazito, yasiyo na ngurumo, yanakupita unashtukia upepo tu. Wageni wakawa wanatembezwa kwa vikundi. Kisha ikaja mikono ya mashine kwenye chumba cha rangi, minne, ya rangi ya majivu, na wapakaji wakatawanywa. Mutiso akawekwa nyuma ya vioo kuilinda hiyo mikono, akibonyeza vitufe. Aliniambia inapaka vizuri. Nilimwona anasema hivyo kama mtu anayesifu mume mpya wa mke wake wa zamani.

Sasa niko Kitale. Ikama haikuongezwa nilipotimiza umri, na ni haki yao. Vijana wanakuja kuniuliza njia ya kwenda huko. Nawaambia nendeni, lakini msiende mkidhani kazi ni mahali pa kuchuma tu na kuondoka. Mkishika kazi kwa mikono yenu mtaipenda, na mkiipenda itawauma. Wananiuliza pia kama najuta ile Alhamisi. Sijuti kumwokoa Mutiso. Lakini nisiwadanganye kwamba moyo ulitulia. Haukutulia. Nililipia neno moja nililolisema mlangoni kwa Muhandisa kwa miaka yote iliyobaki, na kila asubuhi niliyoingia njia ya taa nililipia upya.

Siku ya mwisho, Muhandisa, ambaye sasa alikuwa ndiye mkuu wa kiwanda chote na mvi zimeanza kumchungulia chini ya shela, alinishukia mwenyewe na kuniuliza nataka nini cha kuagania. Wengine hupewa saa.

"Nataka kuingia," nikasema.

Hakuuliza wapi. "Ami, ndani hakuna watu tena. Ni mashine tu."

"Najua."

Akanipa suti. Alinifungia zipu yeye mwenyewe, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vinagoma, na akafungua mlango kwa kadi yake. Mlango ulipofunguka mikono yote minne ikaganda hewani, taa nyekundu ikawaka, na reli ikasimama, maana mashine zile haziruhusiwi kufanya kazi mtu akiwa ndani. Nyuma ya kioo nilimwona Mutiso amesimama, hana mzaha. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama kwa ajili yangu. Katikati palikuwa na bodi moja nyeusi, imepakwa nusu ya ubavu. Nikaenda nikasimama pale ambapo ningekuwa nimesimama, nikavuta pumzi, nikaiachia. Mikono yangu sikuiinua.

Nilipotoka na mlango kufungwa, taa ikageuka kijani, na ile mikono ikaendelea pale pale ilipokuwa imeachia.